Uzi maalumu: Desemba nzima nasoma hadithi za sikukuu na riwaya nizipendazo, kibandani Mbezi Luis

Wakala wa Mbezi (mwanzisha uzi) · 1 Desemba

Habari zenu wanajamvi. Wanaonifahamu wanajua nina kibanda cha kutuma na kutoa pesa Mbezi Luis, hatua chache kutoka Stendi ya Magufuli. Desemba kwangu ndiyo mavuno: wanaosafiri wanatoa, wanaobaki wanatuma. Mwaka huu mimi ni wa kubaki. Basi nimejiwekea nadhiri, kati ya mteja na mteja nasoma, na kila nikimaliza kitabu nawaletea ripoti hapa.

Riwaya ninazozirudia ni tatu: Rosa Mistika ya Kezilahabi, Vuta n'kuvute ya Shafi Adam Shafi, na Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla. Za sikukuu zote ni za ughaibuni, maana zetu nimezitafuta sikuzipata: ile ya Scrooge ya Charles Dickens, moja fupi ya O. Henry, moja ya Tolstoy, na moja ya Agatha Christie ambayo mtu anachinjwa mkesha wa Krismasi. Tatu za mwanzo nimezishusha bure kwenye simu, hakimiliki zake zilishakwisha. Christie nimemwokota kwa wauza vitabu vya mtumba pale Posta, jalada limechanika, elfu tatu baada ya kuvutana sana.

Kiingereza changu ni cha kidato cha nne na kamusi. Nikiteleza mnirekebishe kwa upole.

Anayejua hadithi ya sikukuu iliyotungwa kwa Kiswahili, iwe Krismasi au Idi, anitajie. Nitainunua.

Meku wa Rombo · 1 Desemba

Nimeweka kambi. Ila mkuu, unakaa mlangoni pa stendi halafu Desemba husafiri? Basi wewe si wa kwetu. Sisi tarehe 20 tunapanda kwenda nyumbani kuhesabiwa.

Mzee wa Kikomo · 1 Desemba

Orodha haina Elvis Musiba. Hiyo si orodha ya vitabu, ni kamati ya mazishi. Willy Gamba, mpelelezi wake, kakukosea nini kijana?

Wakala wa Mbezi · 1 Desemba

Shikamoo mzee. Willy Gamba nilimmaliza darasa la saba chini ya dawati. Hana sikukuu yule, hata likizo hajui ni nini.

Mzee wa Kikomo · 1 Desemba

Marahaba. Nimekuelewa, ila sijakusamehe.

Wakala wa Mbezi · 5 Desemba

RIPOTI YA KWANZA: SCROOGE

Kitabu kinaitwa A Christmas Carol, kilitoka London tarehe 19 Desemba 1843. Kifupi, sura tano tu. Kisa mnakijua hata kama hamjakisoma: bahili mmoja, usiku wa kuamkia Krismasi, anajiwa na mzuka wa Marley, mshirika wake wa biashara aliyekufa miaka saba nyuma, kisha mizimu mitatu inampitisha kwenye Krismasi zilizopita, ya sasa na ile ambayo haijafika. Asubuhi anaamka mtu mwingine.

Mimi mizimu haikunishika. Kilichonishika ni sanduku la makaa ya mawe. Scrooge analiweka chumbani kwake. Karani wake, Bob Cratchit, kwenye kijichumba chake ana kijimoto kidogo kama kaa moja, na hawezi kuongeza, maana akiingia tu na koleo mkononi ataambiwa hapa kazi imekwisha. Basi Bob anajizongazonga shali yake na kujaribu kuota moto wa mshumaa. Kabla ya kibanda hiki niliwahi kuajiriwa. Bosi wangu alikuwa anaondoka na rimoti ya feni mfukoni. Kwa hiyo ule mshumaa naujua, wa kwangu ulikuwa gazeti la kujipepea.

Halafu kuna hesabu, na hapa mnisamehe, kazi yangu ni hesabu. Bob analipwa shilingi 15 kwa wiki. Kitabu chenyewe kilipotoka kiliuzwa shilingi 5. Maana yake Bob Cratchit, ambaye kitabu kizima kinamlilia yeye, akitaka kukinunua atoe theluthi ya mshahara wa wiki. Na ana watoto sita. Nilipofika hapo niliizima simu nikabaki natazama stendi.

Jioni niliwasimulia bodaboda wa kijiweni. Walinisikiliza kimya hadi mwisho, jambo ambalo halijawahi kutokea. Kisha mmoja akasema, "Huyo hajabadilika. Kaonyeshwa kaburi lake, katishika. Subiri Machi umuone." Wengine wakacheka, lakini mimi sina jibu mpaka sasa.

Mwalimu wa Zamu · 5 Desemba

Ripoti nzuri. Nikuongezee hesabu nyingine kwa kuwa unazipenda. Nakala 6,000 za kwanza ziliisha kabla ya Krismasi yenyewe. Dickens alikuwa akitarajia pauni 1,000, zikaja pauni 230 tu, kwa sababu aling'ang'ania jalada zuri na michoro ya rangi huku bei akiishikilia chini. Aliyeandika kuhusu bahili aliponzwa na ukarimu wake mwenyewe.

Na usisahau alikotoka. Baba yake alifungwa kwa deni mwaka 1824, katika gereza la Marshalsea. Mtoto Charles, miaka 12, akapelekwa kiwandani kubandika karatasi kwenye chupa za rangi ya viatu. Hakujifunza umaskini wa London maktaba.

Meku wa Rombo · 6 Desemba

Shilingi 5 kwa ajili ya mtu wa shilingi 15 ilikuwa "bei chini"?

Mwalimu wa Zamu · 6 Desemba

Chini kwa wenye navyo. Swali lako ni zuri kuliko majibu mengi ya darasani kwangu.

Wakala wa Mbezi · 9 Desemba

RIPOTI YA PILI: O. HENRY

Hii ni fupi mno, nimeisoma kati ya mteja wa saa mbili na wa saa mbili na nusu asubuhi. Ilitoka gazetini New York mwezi Desemba 1905. Della na Jim ni mke na mume, vijana, choka mbaya. Krismasi ni kesho. Della anauza nywele zake ndefu kwa dola 20 ili amnunulie Jim mkufu wa saa yake ya mfukoni, saa ya urithi. Jim naye kashaiuza saa ili amnunulie Della vitana vya nywele. Basi. Sijaharibu kitu, hadithi hii hata ukiijua mwisho bado inakuuma.

Sasa sentensi ya kwanza kabisa. Della ana dola 1 na senti 87, ambazo alizikusanya kwa kubishana na wauza nyama na wauza mboga mpaka uso unamwiva kwa aibu. Mwandishi anasema senti 60 kati ya hizo zilikuwa sarafu za senti moja moja. Nikasimama. Toa senti 60, inabaki dola 1 na senti 27. Hiyo 27 utaipataje kwa sarafu za 5, 10, 25 na 50? Haiwezekani, lazima kuwe na senti moja moja mbili zaidi. Kwa hiyo zilikuwa 62. Floti ya O. Henry haifungi!

Na cha kuchekesha ni kwamba jamaa alikuwa keshia wa benki kule Austin, Texas. Fedha zikapungua, akashitakiwa, akakimbilia Honduras, akarudi mwenyewe mkewe alipokuwa mahututi. Alifungwa 1898, akatoka 1901, na jina hilo la O. Henry alilitumia akiwa gerezani. Nimeiangalia ile 1.87 nikajisemea, kumbe ndiyo maana.

Mkusanya Sarafu · 9 Desemba

Mkuu umemhukumu mtu ambaye ameshatumikia kifungo chake. Marekani ilikuwa na sarafu ya senti mbili, ilitengenezwa kuanzia 1864 hadi 1873, na ya senti tatu iliendelea hadi 1889. Hazikuwahi kufutwa, zilipungua tu mikononi mwa watu. Della akiwa na moja ya senti mbili, hesabu imefunga.

Wakala wa Mbezi · 9 Desemba

Duh. Mwaka 1905, sarafu iliyoacha kutengenezwa 1873, ikutwe kwa Della?

Mkusanya Sarafu · 9 Desemba

Maskini ndiye anayekutwa na sarafu za zamani. Mwenye nazo hahesabu chenji.

Mzee wa Kikomo · 9 Desemba

Mmenikumbusha senti tano yetu yenye samaki, na senti hamsini yenye sungura. Ile ya sungura ukiwa nayo sikukuu unatembea katikati ya barabara.

Binti Makunduchi · 10 Desemba

Nimesoma uzi wote nikiwa jikoni, maandazi yameungua. Mwanzisha uzi umeuliza hadithi za Idi. Mie sijaiona riwaya nzima ya Idi, lakini angalia vitu vilivyopo mtu aandike. Asubuhi ya Idi mosi mtoto kavaa nguo mpya inayonuka duka, anapita nyumba kwa nyumba kwa jamaa anapewa mkono wa Idi. Jioni Mnazi Mmoja, mabembea, urojo, midoli. Siku nne hizo. Mpaka Idi nne pesa imekwisha, na yupo mmoja siku zote ambaye hajatumia hata shilingi, anawakopesha wenzake. Sisi kwetu alikuwa dada yangu. Mpaka leo ndiye tunayemkopa.

Hapo nawe utaniambia hadithi ni ya pesa.

Wakala wa Mbezi · 10 Desemba

Dada, umenisemea nilichokuwa nakizunguka tangu tarehe 5. Hadithi zote hizi za sikukuu zinasifiwa kwamba ni za upendo, lakini ukizishika unakuta noti. Scrooge ni mshahara. Della ni dola 1.87. Mtunzi anaposema upendo kwanza anakuonyesha pochi. Nadhani ndiyo siri yao. Siku za kawaida mtu anaweza kuficha alichonacho, sikukuu inamlazimisha akitoe mezani kila mtu akione.

Mwalimu wa Zamu · 10 Desemba

Hoja nzito. Ijaribu kwa Tolstoy tuone kama inasimama.

Wakala wa Mbezi · 14 Desemba

RIPOTI YA TATU: ROSA MISTIKA (Tolstoy ninakuja)

Si ya sikukuu hii, lakini wiki hii shule zimefunga na nimeshindwa kusoma kingine. Kutwa nzima mabinti wa bweni wanashuka stendi na masanduku ya bati, ndoo juu, godoro limekunjwa na kufungwa kamba. Baba mmoja alikuja kumpokea wake. Hakumsalimia. Alilichukua sanduku, akalifungua pale pale kwenye lami, akaanza kupekua. Madaftari, kandambili, sabuni ya kipande. Binti amesimama anatazama upande wa mabasi. Sijui alikuwa anatafuta barua au nini. Hakupata kitu, akafunga, wakaondoka, yeye mbele.

Nilikuwa nimefika pale Zakaria, baba yake Rosa, anapompiga binti huyo kwa sababu ya barua ya mvulana aitwaye Charles.

Kitabu kilitoka 1971, na kwa muda kilipigwa marufuku mashuleni. Nilipokisoma nikiwa na miaka 17 nilimlaumu Rosa tangu anafika chuoni hadi mwisho: kapewa uhuru, kaharibika. Safari hii nimemsoma Zakaria. Mlevi yule hakumlinda binti, alimfungia tu, na aliyefungiwa hajifunzi kutembea. Kezilahabi hasemi hivyo kwa kidole. Anakuacha ucheke vituko vya Zakaria kilabuni, halafu unagundua ulikuwa unacheka na muuaji.

Dada wa Nansio · 14 Desemba

Mimi ni wa Ukerewe kama Kezilahabi, yeye alizaliwa Namagondo mwaka 1944. Nyumbani kitabu hiki kilikuwa kabatini kwa mama, nyuma ya vikombe vya wageni, na hakuna aliyeambiwa asikiguse, lakini sote tulijua. Nilikisoma likizo ya Desemba nikiwa nimejifungia stoo ya dagaa. Hadi leo nikisikia jina Rosa nasikia harufu ya dagaa.

Alipofariki Januari 2020 nilimpigia mama. Akasema, "Yule aliyeandika kitabu chako cha stoo?" Kumbe alijua siku zote.

KijanaWaKisauni · 15 Desemba

Salamu kutoka Mombasa wadau. Kama mnatafuta kitabu cha Desemba, cha safari ya kurudi kwenu, basi ni Siku Njema ya Ken Walibora, ya mwaka 1996. Kongowea Mswahili, kijana wa Tanga, mama yake alikuwa mwimbaji wa taarabu, anafunga safari kuingia Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Kwetu kilikuwa kitabu cha kutahiniwa, tukakisoma kwa kiboko na maswali ya dondoo. Nimekirudia mtu mzima, bila mwalimu, na nikalia kwenye matatu kati ya Kongowea na Likoni. Nilipoona niko Kongowea ndipo nikazidi.

Meku wa Rombo · 15 Desemba

Watu wa Mombasa mnalia kwenye matatu, sisi tunalia kwenye nauli.

Wakala wa Mbezi · 17 Desemba

RIPOTI YA NNE: TOLSTOY

Fupi. Fundi viatu Martin, mjane, anaishi chumba cha chini ya ardhi chenye dirisha moja. Kupitia dirisha hilo haoni watu, anaona miguu. Na anawajua kwa viatu, maana karibu kila kiatu mtaani kimepita mikononi mwake, hiki alikitia soli, kile alikishona ubavuni. Usiku anasikia sauti ikimwambia kesho Bwana atapita. Kesho anakaa anachungulia viatu. Bwana haonekani, anapita mzee anayezoa theluji, anapita mama mwenye mtoto mchanga na nguo za kiangazi. Anawaingiza ndani, chai, mchuzi.

Ilitoka 1885. Mwalimu, Krismasi haitajwi kabisa, lakini watu wanaisoma Krismasi. Na pesa imo. Yule mama shali yake ya mwisho kaiweka rehani jana yake, na Martin anampa hela akaikomboe. Hoja imesimama.

Mimi nawajua watu wangu kwa namba za simu. Siwezi kukutambua usoni, ila ukinitajia tarakimu tatu za mwisho nakwambia unamtumiaga nani.

Mwalimu wa Zamu · 17 Desemba

Imesimama, nakiri. Hiyo sentensi yako ya mwisho itunze.

Wakala wa Mbezi · 19 Desemba

RIPOTI YA TANO: BWANA MSA DHIDI YA POIROT

Wapelelezi wawili, Bwana Msa wa Mzimu wa Watu wa Kale na Poirot wa Christie. Nimewasoma sambamba, sura ya huyu, sura ya yule, na sijutii.

Christie, 1938. Tajiri mzee Simeon Lee anawaita wanawe wote Krismasi, wale anaowadharau na wale waliomkimbia, kisha anampigia simu mwanasheria kuhusu kubadili wosia, makusudi, wanawe wakisikia. Mkesha wa Krismasi kelele, chumba kimefungwa kwa ndani, damu sakafu nzima. Almasi zake ambazo hazijachongwa hazipo. Mwanzoni mwa kitabu Christie anamwambia shemeji yake kwamba kamwandikia yeye, kwa sababu alilalamika mauaji ya vitabu vyake yamekuwa masafi mno, hayana damu. Kampa ndoo nzima.

Bwana Msa wetu alitoka 1960, baada ya mswada kushinda mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki. Anavuta kiko chake, rafiki yake Najum pembeni anauliza yale ambayo msomaji ungeuliza. Wote wawili, Bwana Msa na Poirot, wanajifanya wana muda wote duniani. Lakini kwa Christie kila mtu sebuleni ni mshukiwa na anaongea kama mshukiwa. Kwa Muhammed Said Abdulla watu wanaongea kama watu: wanapiga soga, wanakatishana, wanasalimiana nusu ukurasa, na ushahidi umejificha humo humo kwenye salamu. Kwa fumbo, Christie. Kwa kukaa nao barazani, Bwana Msa, na mimi nilitaka kukaa.

Mzee wa Kikomo · 19 Desemba

Sasa umeongea. Nimekusamehe ile ya Willy Gamba.

Binti Makunduchi · 20 Desemba

Na Vuta n'kuvute? Usije ukakipitia juu juu, nakwambia mapema. Yasmin miaka 15, mume 52. Huko nako ukitaka pesa utaipata, lakini mie naomba safari hii usome kwa ajili ya Mwajuma. Watu husema kitabu ni cha Yasmin na Denge, siasa na mapenzi. Kwangu ni cha Mwajuma wa Ng'ambo, aliyempokea rafiki bila kumuuliza atakaa mpaka lini. Chumba chenyewe hicho hicho kimoja.

Wakala wa Mbezi · 20 Desemba

Nimesikia dada. Ila foleni imeanza, leo nimesoma kurasa sita tu. Floti imekwisha mara mbili.

Meku wa Rombo · 20 Desemba

Nipo stendi kwenu hapa, nimepita kibandani nikakuta watu kumi na tano, nikakupungia hukuniona. Shati la bluu. Tuonane Januari, nikirudi nikiwa hai kutoka kwa mashemeji.

Wakala wa Mbezi · 24 Desemba, usiku

Leo sina ripoti ya kitabu.

Jana kama saa tisa alasiri alikuja dada mmoja, umri miaka ishirini hivi, nadhani anafanya kazi za ndani, mikono ilikuwa na ule weupe wa sabuni ya unga. Kwao ni upande wa Kondoa. Akaniwekesha 45,000, kisha akasimama pembeni kumtumia mama yake. Akaniuliza, "Kaka, na ya kutolea niongeze ngapi?" Nikamwambia. Akahesabu vidole, akaongeza.

Halafu akapiga simu. Mama akapokea, nikasikia kwa sababu simu ile spika yake ndiyo pekee inayofanya kazi. Mama anauliza umefika wapi. Akasema nipo stendi mama. Akainyoosha simu kuelekea mabasi, wapiga debe wanaita Dodoma Dodoma, honi, kelele. Akairudisha sikioni akasema, "Umesikia? Magari yamejaa yote. Nimekutumia uandae sikukuu, mimi nitakuja mwakani."

Magari ya Dodoma yalikuwa na nafasi. Kondakta alikuwa amesimama mita tano kutoka kwake anamwita dada, dada, twende.

Hakuwa na begi. Ile 45,000 ndiyo ilikuwa nauli, ya kwenda na ya kurudi.

Nilikuwa na Vuta n'kuvute mkononi nimeweka kidole ukurasani. Sikuifungua tena jana.

Dada wa Nansio · 24 Desemba

Jamani.

Mwalimu wa Zamu · 24 Desemba

Uliuliza tarehe 1 hadithi ya sikukuu ya Kiswahili iko wapi. Iandike.

KijanaWaKisauni · 25 Desemba

Krismasi njema wote. Mimi Mwislamu lakini pilau ya jirani hainiulizi dini. Wakala, andika.

Wakala wa Mbezi · 26 Desemba

Nilianza kuandika jana, nikapata mstari mmoja: "Mabasi yalikuwa na nafasi." Nikakwama hapo. Na leo hadithi imeniharibikia, kwa sababu amerudi.

Kaja asubuhi, kanikabidhi simu. "Kaka hebu nisomee. Hii pesa ni mpya, au ni ile ile imegoma ikarudi?" Nikasoma. Haikugoma. Ni mama yake kamtumia. Kiasi ni kile kile, kimepungua elfu moja na kitu, yaani makato ya kuirudisha. Chini yake kuna ujumbe wa kawaida, umeandikwa bila nukta wala mkato: nauli hiyo panda kesho magari yamepungua.

Mama alijua. Sijui alijulia wapi, labda kwenye zile kelele alisikia kondakta anavyomwita. Hakugusa hata mia.

Mkusanya Sarafu, nakuletea hesabu. Mtoto kakatwa kutuma, mama kakatwa kurudisha. Katika hao wawili hakuna aliyepata kitu. Mtandao umepata, na mimi nimepata kamisheni ya kuweka.

Mkusanya Sarafu · 26 Desemba

Mkuu, nakuheshimu, lakini hii umetunga. Ni Della na Jim hao umewavika kanga.

Wakala wa Mbezi · 26 Desemba

Ningeweka picha ya ule ujumbe, lakini simu si yangu na siri ya mteja ni siri ya mteja. Amini unavyotaka. Mimi mwenyewe nilitamani iishie jana, ilikuwa nzuri zaidi.

Mzee wa Kikomo · 26 Desemba

Mimi naamini. Mwaka 1979 mama alinirudishia noti ndani ya mkungu wa ndizi.

Meku wa Rombo · 27 Desemba

Nimesoma huku nimekaa na bi mkubwa, nikamsomea kwa sauti. Kanyamaza, halafu kaniuliza, "Hiyo elfu moja iliyopungua nani aliijazia?" Wakala, mama anauliza.

Wakala wa Mbezi · 27 Desemba

Mwambie mama shikamoo.

Meku wa Rombo · 27 Desemba

Hilo si jibu.

Wakala wa Mbezi · 31 Desemba

Vuta n'kuvute nimemaliza usiku wa kuamkia leo. Binti Makunduchi, ulikuwa na haki juu ya Mwajuma. Kuna kurasa zake nimezisoma mara mbili, nitazifungulia uzi wake, humu hautoshi. Januari naanza na Kuli, riwaya nyingine ya Shafi Adam Shafi, na KijanaWaKisauni, Siku Njema nimeagiza kwa jamaa wa Posta. Ule mstari wangu mmoja bado uko mmoja.

Binti Makunduchi · 31 Desemba

Ahsante. Lakini hebu niambie, yule mtoto alipanda gari au hakupanda?

Wakala wa Mbezi · 31 Desemba

Kwangu hakuja kutoa. Ila hapa stendi mawakala tuko wengi.